Kumbukumbu ya mradi wangu: bustani ya kunyonya mvua, Kigoma

Septemba

Msimu huu nimeamua kwamba maji ya paa langu hayatavuka mpaka wa kiwanja kwa mbio. Nitayachimbia bustani yenye kina kifupi, iyapokee na kuyanyonya. Yakitoka, yatoke taratibu, bila kubeba udongo.

Mkazi wa Kigoma atanielewa haraka. Mji umekaa juu ya vilima, chini kuna ziwa, na katikati kuna mabonde ambayo maji yakishaingia hayana pa kutokea. Wanaoijua Katubuka wanalijua bwawa lake. Mvua zikizidi linapanda, linaingia majumbani mwa watu, na kukauka kwake si kwa siku mbili tatu. Kila mwaka tunawapa pole watu wa bondeni, kisha tunasema kwa nini walijenga pale. Mimi nakaa mteremkoni. Ukiyafuata maji yanayotoka uani kwangu yanapoishia, huwezi tena kusema mafuriko ni shauri la wa bondeni. Yanaanzia kwenye mabati yetu sisi wa huku juu.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa langu lina kama mita 70 za mraba. Mvua ya milimita 30, ambayo msimu ukikolea si kioja, ni lita 2,100. Hayo ni mapipa kumi ya lita 200 na chenji, kutoka nyumba moja, pengine ndani ya saa moja. Jumlisha nyumba za mtaa mzima, ongeza nyua tulizozisakafia kwa saruji ili tusikanyage tope, halafu shuka bondeni ukatazame.

Na mvua yenyewe haiji tena kama tulivyoizoea. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi 1 ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka unashuka kwa kishindo. Wanasayansi wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti yao ya 2021, waliiweka Afrika Mashariki miongoni mwa sehemu ambazo mvua kubwa zitazidi. Aliyepitia msimu wa El Niño wa 2023 na 2024 hahitaji kushawishiwa.

Ziwa nalo limetubana. Miaka hii Tanganyika limepanda, na watu wa Kibirizi wameona maji yakiingia walipokuwa wakifanyia biashara. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, ng'ambo ya pili kule Kalemie, Kongo. Likishajaa linapungua polepole mno. Ziwa likiwa juu, mdomo wa mtaro unakosa mteremko, na hata mtaro mzuri wa saruji unakuwa unapeleka maji mahali palipokwisha jaa. Ndiyo maana naona kazi kubwa iko huku juu.

Septemba, mwishoni

Nimepima udongo. Nimechimba shimo la kina cha sentimita 30, nikalijaza maji, nikayaacha yanywewe yote, nikajaza tena. Mara ya pili ndiyo inayosema kweli, kwa sababu ardhi kavu ya kiangazi hunywa kwa pupa. Nikasimamisha kijiti chenye alama na kutazama saa. Maji yalishuka kama sentimita 3 kwa saa. Udongo wetu mwekundu ukiuona juu umeshindiliwa kama sakafu, lakini ukivunja ule ugumu wa juu kwa sululu, chini unanyonya vizuri.

Mahali pa kuchimba nimepachagua kwa kuondoa pasipofaa. Karibu na msingi wa nyumba hapana, nimesogea zaidi ya mita tatu. Karibu na choo cha shimo hapana kabisa, maana maji yakizama pale yanalijaza shimo na kuusukuma uchafu kwenda kwa wenzetu wa chini wenye visima. Na ukingoni mwa korongo hapana. Mteremko mkali ukiulowesha kwa ndani unaweza kuporomoka, na hili nawaomba wenye viwanja vya mwinuko mkali walizingatie kuliko yote: kwenu ninyi afadhali simtanki kuliko shimo.

Oktoba

Tumechimba, mimi na vijana wawili wa mtaani. Bustani ina mita 3 kwa 4, kina cha sentimita 25, kingo zimelazwa ili zisibomoke. Sakafu yake iko sawa pande zote. Hilo tulilihakikisha kwa mpira wa maji, ule wanaotumia mafundi kupimia levo ya msingi: mpira mwangavu uliojazwa maji, ncha moja huku na nyingine kule, maji yanakaa usawa mmoja. Sakafu ikiinama, maji yote yanakimbilia pembe moja na pembe hiyo haimalizi kunywa.

Upande wa chini udongo uliotoka shimoni tumeufanya tuta na kulishindilia kwa miguu. Juu ya tuta kuna pengo pana kama koleo mbili, limepangwa mawe. Hapo ndipo maji yatatokea bustani ikijaa. Wengine hulisahau pengo hili, lakini mimi naliona ndilo roho ya kazi yote, kwa sababu maji yasipopewa njia yanajichagulia, na yatachagua kulikata tuta.

Nyuma ya tuta nimepanda mstari wa vetiva, shina na shina zikiachana sentimita 15. Nyasi hii mizizi yake inakwenda chini moja kwa moja, mita 2 hadi 3 na zaidi, na haitambai ovyo shambani kwa mtu. Ndani ya bustani nimeweka magimbi, ambayo hayaogopi miguu kulowa, na kingoni mchaichai na migomba miwili. Gata la bati linamwaga kwenye bomba, bomba linamwaga kwenye mawe.

Mzee mmoja wa mtaa alikaa pale juu ya toroli akitutazama. Akaniambia, "Mwanangu, hilo korongo nilikuwa nalivuka kwa hatua moja nikienda madrasa." Leo tunalivuka kwa mbao, na tumemshika mkono.

Nilimweleza kwamba wazo hili wenzetu walilianza mbali kidogo: huko Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wilaya ya Prince George's ilianza kuchimbia nyumba bustani za namna hii. Copenhagen nao, baada ya mvua ya Julai 2011 iliyouzamisha mji kwa saa chache, walipanga mitaa na viwanja vyao vipokee maji. Mzee akanikumbusha kwamba Wamatengo kule Mbinga wanalima mashimo ya ngoro kwenye milima yao tangu enzi za mababu, na udongo wao umebaki palepale. Hapo amesema kweli, na mimi nampa Mmatengo heshima ya kwanza.

Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Nilikaa barazani nikatazama. Maji yalitoka kwenye bomba yakiwa ya kahawia kwa vumbi la kiangazi, yakagonga mawe, yakatawanyika, yakaanza kupanda kwenye mashina ya magimbi. Hayakufika nusu ya kina. Asubuhi palikuwa na unyevu tu na majani makavu yaliyojipanga kuonyesha maji yalipofikia.

Jirani yangu, mama wa nyumba ya pili, alikuwa na neno lake. "Baba, sasa unatufugia mbu?" Swali halali kabisa, Kigoma malaria si hadithi. Nikamjibu kwamba yai la mbu linahitaji kama wiki nzima au zaidi mpaka liwe mbu wa kuruka, na hapa maji hayalali siku mbili. Hakuridhika na maneno. Kesho yake alfajiri alikuja mwenyewe na tochi, akapekua magimbi moja baada ya jingine. Akaondoka bila kusema kitu, lakini jioni aliomba shina la mchaichai.

Januari

Mvua kubwa imepita. Bustani ilijaa hadi juu na pengo likafanya kazi yake, maji yakipita juu ya mawe kama kitambaa, meupe, bila kuchimba. Sitaki kumwongopea mtu: kwa mvua ya namna ile, bustani moja haimalizi maji. Inachofanya ni kupokea yale ya mwanzo na kuyachelewesha yanayofuata, yasifike mtaroni kwa wakati mmoja na ya wengine. Mitaro na makalavati bado tunayahitaji, na yanahitaji kuzibuliwa.

Kazi iliyonikalia kooni ni mchanga. Barabara ya mtaa ni ya udongo, na mvua ile iliusomba mchanga wa ukingo wa barabara na kuuingiza kwangu kupitia getini. Mlango wa bustani ulilala chini ya mchanga mwekundu. Sasa mbele ya mawe nimechimba kashimo ka kutulizia tope, upana wa ndoo mbili, kina cha goti. Maji yakiingia yanapunguza mwendo, mchanga unazama, maji yanapita. Nauzoa kwa chepe kila baada ya mvua kubwa, na nimekwisha kuutumia kurekebishia matofali ya uzio.

Kila chepe ninalozoa nalifikiria ziwa. Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na wengi wanaishi na kulisha kwenye mawe ya pwani. Udongo wa vilimani ukishuka unayafunika mawe hayo. Kwa hiyo mafuriko ya bondeni na uchafuzi wa ziwa, kwangu mimi, ni maji yaleyale na udongo uleule.

Machi

Nyumba tatu za upande wetu zimekubali kuchimba kiangazi kijacho, mama wa mchaichai akiwa wa kwanza. Tumemweleza mwenyekiti wa mtaa kwamba kuna kipande cha wazi jirani na kalavati kinachojaa taka, na tungependa kiachwe kiwe cha kupokea maji ya barabara, kipandwe nyasi, kisigawiwe kiwanja. Amesema atalipeleka kwenye mkutano. Nitakuwepo na mpira wangu wa maji, nipime levo mbele ya watu wote.

Vetiva imechipua vizuri, kila shina sasa ni kishungi, na naigawa mwezi huu kabla mvua hazijakatika, ili mizizi iwahi kushika. Ni bure. Njoo na kiroba, na unieleze kwanza choo chako kiko upande gani.