Kutoka punda wa Lamu hadi farasi wa shule: nilivyojifunza kupanda ukubwani

Shule ninayofundisha Kiswahili iko nyanda za juu za Bonde la Ufa, kule ambako asubuhi unavaa koti na saa sita unatafuta kivuli. Ni shule ya bweni, na miongoni mwa mambo ambayo wazazi hulipia ni kituo cha farasi: mabanda, viwanja viwili vya mazoezi, stoo ya matandiko na malisho yaliyozungushiwa uzio wa mbao. Walimu tunaruhusiwa kupanda bila malipo jioni, watoto wakishamaliza zamu yao, kwa sharti moja tu: usaidie kazi za banda. Wenzangu wengi hilo sharti ndilo lililowashinda. Mimi nadhani bila hilo nisingejifunza kitu.

Nimezaliwa Lamu, na punda nimempanda tangu utotoni, tukibeba mchanga na mawe ya kujengea. Punda wa kwetu hatiwi tandiko. Unakaa nyuma kabisa, juu ya matako yake, miguu inaning'inia, na ukitaka akate kona unamgusa shingo kwa kifimbo. Akiogopa kitu, anasimama tuli, na hapo utasukuma mpaka uchoke. Farasi akiogopa, anaondoka. Anatimua kwanza, mengine baadaye, na anafanya hivyo akiwa na kilo zipatazo 500. Hiyo ndiyo tofauti niliyoihisi tumboni siku ya kwanza, kabla hata sijapanda, niliposimama karibu na farasi jike mweusi aliyestaafu mbio za Ngong. Bega lake lilikuwa usawa wa kidevu changu.

Saisi mkuu wa kituo, yaani mkuu wa watunza farasi, ni mzee wa miaka mingi kwenye kazi hiyo, mtu wa maneno machache. Nilimwomba anianzishe na farasi mfupi, wale poni wasiozidi sentimita 148 begani, wanaopandwa na watoto. Akanitazama juu mpaka chini.

"Mwalimu, hao ni wa watoto. Wewe utampanda huyu mama. Lakini si leo. Leo utamsugua."

Nikamsugua. Kwanza brashi ya mpira kwa mizunguko, kulegeza vumbi (na vumbi letu ni la volkeno, jepesi kama unga, linaingia mpaka masikioni), kisha brashi ngumu kufuata manyoya, kisha ile laini usoni. Mzee alikuwa kando akikaza msumari kwenye mlango, akinisahihisha bila kugeuka. "Usipite nyuma yake kimya kimya. Mwongeleshe, halafu weka mkono mgongoni uutelezeshe mpaka upande wa pili." Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na pale mbele kabisa ya paji la uso. Ukitokea ghafla sehemu hizo, ukipigwa teke usimlaumu yeye.

Kazi niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa kwato. Unasimama begani ukiangalia mkiani, unashusha mkono kwenye mguu, unambana kidogo juu ya kifundo, naye akikubali anaunyanyua. Unauweka wayo kiganjani na kuchokoa uchafu kwa chuma kutoka kisiginoni kuelekea ncha, ukijihadhari na ile pembetatu laini ya katikati. Huyu mama alikuwa na tabia ya kuniegemea. Nikitaka kusukumana naye ninashindwa. Mzee akaniambia nitulie, nimsubiri agawe uzito wake kwenye miguu mitatu iliyobaki, ndipo niinue. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuhisi uzito unavyohama kabla mguu haujainuka. Wakati huo sikujua kwamba hapo ndipo nilipokuwa najifunza kupanda.

Mwendo wa kawaida, wa kutembea, haukunisumbua. Unapanda kutoka kwenye ngazi fupi ya mbao, wala si kwa kuning'inia kwenye kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu, maana kule kunamvuta farasi mgongo na kupindisha tandiko. Unakaza ukanda wa tumbo, mnatembea mzunguko mmoja, unaukaza tena kwa sababu wengine hujaza pumzi ukiwa unawafunga. Visigino chini, macho mbele. Kwa mtu wa punda, shida ilikuwa kukaa katikati. Kiuno changu kilikuwa kinarudi nyuma chenyewe, kikitafuta matako ya punda wa Lamu.

Shida kubwa ilikuwa troti, ule mwendo wa kukimbia polepole. Nilirushwa kama gunia la nazi kwenye mkokoteni, na kila niliporuka nilishika hatamu kujizuia nisianguke. Hatamu zimefungwa kwenye lijamu, na lijamu iko mdomoni mwake. Kwa hiyo kila mruko wangu ulikuwa maumivu yake, naye akizidi kukaza mgongo, nami nikizidi kuruka. Watoto wa darasa la sita waliokuwa wakirudisha matandiko walisimama kwenye uzio kuangalia. Mwalimu anayewasahihisha ngeli za majina, leo anapigwa na tandiko!

Mzee akaninyang'anya hatamu. Akazifunga zisining'inie, akamtia farasi kamba ndefu na kumzungusha yeye mwenyewe kutoka katikati ya uwanja. Mimi kazi yangu ikawa kukaa tu, mkono mmoja umeshika singa za shingoni mwake. Kabla ya hapo alinishusha na kunifanya nikimbie kando ya farasi kwa miguu yangu, huku namtazama. Katika troti miguu huenda kwa jozi za mshazari: wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, halafu jozi nyingine. Moja, mbili. Moja, mbili. Niliporudi juu, nikaufumba mdomo na kuusikiliza ule uzito unavyohama chini yangu, uleule wa wakati wa kwato. Bega lake la upande wa nje likienda mbele, nainuka. Likirudi, nakaa. Mizunguko ya kwanza niliipata hatua tatu, nikaipoteza. Kisha ikaja, na ilipokuja ilikaa.

Kuhusu kituo chenyewe, niseme haya kwa mzazi au mtu mzima anayetafuta pa kujifunzia. Usianze kwa kuangalia uzuri wa farasi. Tazama uwanja: mchanga uwe laini lakini usimeze kwato, unyunyiziwe maji kiangazi, na geti lifungwe kila mtu anapopanda. Uliza kofia ngumu ikigonga chini inafanywaje. Jibu zuri ni kwamba inatupwa. Tazama miguu ya wanafunzi: viatu viwe na kisigino kidogo, ili mguu usipenye kikuku ukakwama humo mtu akianguka. Na tazama nyasi zinavyoliwa. Farasi hawezi kutapika, na tumbo likimvuruga anaweza kufa, ndiyo maana kwetu wanapewa majani makavu kidogo kidogo mchana kutwa, wala hakuna anayetolewa kwenye pumba moja kwa moja hadi uwanjani.

Kingine ni saa. Wageni hushangaa kwa nini hakuna masomo ya machweo, wakati ndipo bonde linapopendeza. Sababu ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wadogo kuliko mbu, wanaouma zaidi kati ya jioni na alfajiri. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha ugonjwa, nao wako nje tu ya uzio wetu. Farasi wanachanjwa kila mwaka, lakini Mzee haamini chanjo peke yake. Kabla ya saa kumi na mbili kila farasi yuko ndani, na mwalimu aliyechelewa kutoka mkutanoni hana wa kumlalamikia. Nimekosa vipindi vingi kwa ajili ya mikutano ya idara.

Mwezi wa Ramadhani nilipunguza. Sikupanda, nilibaki na brashi na koleo, nikitoa samadi kabla ya kwenda kufuturu. Mzee, ambaye si Mwislamu, alikuwa akinipangia mabanda ya upande wa kivuli bila kusema neno. Nilipopanda tena baada ya Idi, miguu iliuma kama mgeni, ila mwendo ulikuwa haujapotea.

Sasa troti naiweza pande zote mbili. Kanta, mwendo wa kasi kuliko troti, naiweza tukizunguka kushoto tu. Tukizunguka kulia farasi anaanza na mguu usio sahihi, na Mzee anasema kosa liko kwenye kiuno changu. Muhula ujao anataka kunitandikia magogo chini nianze kuruka. Nimemwambia hapana. Ameanza kuyapaka rangi.