Lori la Machungwa

Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 zilikuta machungwa yetu ya Muheza yameiva. Mnunuzi hakutaka kulipa wabebaji, akaingiza lori hadi katikati ya shamba, na udongo umelowa chepechepe. Masika ya 1998 tukapanda mahindi palepale. Kufikia Mei njia ya lori ilionekana waziwazi: mistari miwili ya mahindi yaliyopauka, hayafiki kiunoni, na wenzake yamenipita kichwa.

Mama aliamini kwamba lori likishaondoka, ardhi itajiinua yenyewe. Bwana shamba hakumbishia. Aliomba sururu, akachimba kwenye mstari, akatuonyesha mizizi iliyoshuka kiasi cha shubiri kisha ikapinda na kutambaa ubavu.

Halafu akatafuta kipande cha bomba nene, akakisimamisha sakafuni, akakijaza udongo tifutifu wenye unyevu na kuweka juu kizibo cha mbao kilichoingia sawasawa. "Panda, kijana." Nikapanda, kizibo kikazama. Akatia alama kwa msumari. Niliposhuka kilirudi juu unene wa uzi tu. Nikapanda tena, hakikupita ile alama. Ndipo akaitwa baba mdogo, ambaye harusini hupewa kiti cha chuma, si cha plastiki. Kizibo kikazama upya. "Haya, kijana, rudi." Safari hii hakikutikisika.

"Umeona, mama? Udongo unakumbuka mzigo mzito kuliko yote uliowahi kuubeba. Chembe zenyewe hazisinyai. Zinazozibika ni nafasi zilizo kati yake, na zile kubwa za kupitisha hewa na maji ndizo hutangulia. Ukilowa, chembe huteleza na kubanana upesi zaidi."

Mama akauliza mbona udongo mweusi wa bondeni hulainika wenyewe. Mimi nisingefikiria swali hilo. Akajibiwa kuwa mfinyanzi ule huvimba kwa maji na kupasuka kiangazi, hivyo hujivunjavunja. Huu wetu mwekundu hauvimbi hivyo.

Tukavunja mistari kwa sururu, tukapanda mbaazi, maana mizizi yake hushuka mbali. (Mbaazi za nazi kwa maandazi hazikumuudhi mtu nyumbani.) Msimu uliofuata mama alilizuia lori barabarani. Mnunuzi akanung'unika, akapunguza bei ya kila tenga. Mama akaipokea bei hiyo, kisha akaniita nianze kubeba.