Nilivyokamilisha modi yangu ya Doom II kwenye injini ya 1994

Modi yangu (yaani toleo la shabiki linalobadilisha mchezo) ya Doom II, mchezo wa kompyuta wa kupiga risasi, yenye ramani chache zinazofuatana na maadui niliowachora upya, ilichukua miaka mingi kutengenezwa, na ninaamini isingekamilika kama nisingeamua mapema kwamba ni lazima ichezeke kwenye injini, yaani programu inayoendesha mchezo, ileile ya mwaka 1994. Wenzangu walishangaa, kwa kuwa tangu John Carmack, mmoja wa waundaji wake, alipoutoa hadharani msimbo wa Doom mwezi Desemba 1997, mashabiki wameunda injini kama GZDoom, zinazoruhusu mwanga wa rangi, maadui wapya na hata chumba kuwekwa juu ya chumba kingine, jambo ambalo injini ya awali haiwezi kabisa. Lakini nilikuwa nimeona miradi mingi ya mashabiki ikifia njiani kwa sababu kila ramani iliyokaribia kwisha ilipata jambo jingine la kuongezewa.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni sakafu na dari. Injini ya awali huzichora kwa kuzigawa katika nyuso, ambapo sehemu zenye kimo kimoja, picha moja na mwanga mmoja huweza kuhesabiwa kuwa uso mmoja. Nyuso zinazoonekana kwa wakati mmoja zikizidi 128, mchezo hujifunga papo hapo. Ukumbi wangu mkubwa, uliojaa ngazi, nguzo na vivuli, ulivuka idadi hiyo kila mchezaji aliposimama kwenye kona moja na kutazama upande wa pili. Nilijenga ukuta wa kukinga macho, nikasawazisha mwanga wa vipande vilivyotofautiana kidogo tu, kisha nikaondoa sehemu kubwa ya dari na kuacha anga wazi, kwa sababu injini huiweka anga yote katika kundi moja hata vimo vyake vikitofautiana. Kusema kweli, ukumbi ulipendeza zaidi baada ya kubomolewa. Majaribio haya niliyafanya kwa Chocolate Doom, programu inayoiga mchezo wa awali pamoja na mipaka yake, na ambayo haikuilemea kompyuta yangu kuukuu.

Kwa upande wa maadui nilitumia DeHackEd, programu ya kuurekebisha mchezo, ambayo haiongezi kiumbe kipya bali hubadilisha tabia za waliopo. Hivyo nilihitaji viumbe ambao mchezaji asingehisi pengo lao wakigeuzwa kuwa wengine, na kama watengenezaji wengi wa modi nilimchukua Commander Keen, mhusika kutoka mchezo mwingine, na wale askari wa SS wa Kinazi, ambao katika Doom II huonekana kwenye ramani za siri pekee. Kila pozi la adui hutazamwa kutoka pande 8, ila injini inakubali picha igeuzwe kama kwenye kioo, hivyo michoro 5 inatosha. Adui anayeshika silaha kwa mkono wa kulia huonekana ameihamishia kushoto anapogeuka. Niliridhia, kwani hata askari wa kawaida wa Doom wamechorwa kwa namna hiyo. Rangi nazo ni 256 tu kwa mchezo mzima, na kahawia zake ni nzuri kuliko kijani zake.

Suala la mwisho lilikuwa la haki. Msimbo wa Doom uko huru, lakini picha na sauti zake bado ni mali ya wenyewe, kwa hiyo sikuweza kuwapa faili la mchezo waliojitolea kunijaribia. Waliokuwa hawajaununua niliwaelekeza kwenye Freedoom, mradi huru wenye picha, sauti na maadui wake, unaotumia majina yaleyale ya mafaili ya ndani. Kwa kuwa picha za kuta huko zinatofautiana na zile za Doom II, nilizipitia ramani zote upya na kuzipa swichi na milango fremu za rangi tofauti, ili mchezaji azitambue kwa vyovyote vile.