Presha yangu ilivyoshuka, na kwa nini vidonge sikuviacha tena

Mi ni mama wa miaka 47, naishi Tanga, na presha kwetu ni ya ukoo, mama yangu mzazi ilimpeleka kwa kiharusi. Kwa hiyo nilivyopimwa nikakutwa 168 kwa 102, wakarudia siku nyingine bado ipo juu, dokta akanianzishia amlodipine ya miligramu 5, nilitoka pale nalia maana nilikuwa namuona mama tu.

Nikameza vizuri kama miezi mitatu hivi, halafu miguu ikaanza kuvimba vifundoni, viatu havivaliki. Hii dawa kuna watu inawafanya hivyo na ningerudi kusema wangenibadilishia, ila mi sikurudi. Shoga yangu mmoja akanipeleka kwa muuza dawa za miti shamba, nikapewa chupa ya lita moja na nusu haina jina la mti wala tarehe, akanambia, "Dada, ukimaliza tatu presha unaisahau, hivyo vidonge katupe." Nikaviacha. Na wiki tatu nzima nilijisikia safi kabisa, yaani ndo ubaya wa presha huo, haiumi, unaweza ukawa nayo juu na unapika na unacheka na watu. Siku niliyoshtuka ilikuwa asubuhi, kisogo kinagonga, naona vimulimuli, kufika hospitali mashine inasoma 196 kwa 118.

Dokta wa zamu hakunifokea, na hilo namshukuru mpaka leo. Alisema, "Mama, miti shamba sikukatazi, ila niambie unakunywa nini, na dawa usiache kimyakimya." Akanipima figo kwanza, zikawa salama alhamdulillah, kisha akanibadilishia losartan. Akanionya nisinunue zile chumvi mbadala zenye potasiamu, kwa sababu hiyo dawa yenyewe inabakiza potasiamu mwilini.

Nilipotoka hapo ndo nikaamua tiba ya asili nifanye kweli, na nikaanzia jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai, cha siku nzima na vyakula vyote. Mi nikachukua kalamu. Nyumbani tuko wanne, pakiti ya nusu kilo tulikuwa tunaimaliza wiki mbili, ukigawanya inakuja karibu gramu 9 kwa kila mtu kwa siku, na hapo bado sijahesabu mkate, vile vidonge vya mchuzi, achari na ng'onda! Nilikaa na ile karatasi mezani muda mrefu sana.

Vidonge vya mchuzi nikavitoa vyote. Mchuzi nikawa naujenga kwa kitunguu saumu, tangawizi, bizari, nyanya zilizoiva kweli, na ndimu naikamua mwishoni nikishaipua, ndimu ikiingia mwishoni ulimi haudai chumvi sana. Wiki ya kwanza baba watoto alikula kimya, wiki ya pili akaomba chumvi ya mezani nikamwambia baba naomba univumilie mpaka mwezi uishe, na ulipoisha yeye mwenyewe alikula kwenye shughuli akarudi anasema chakula cha watu kilikuwa na chumvi nyingi. Sasa hivi pakiti ileile inatufikisha siku 35. Mchicha au matembele kila siku, na ndizi mbivu au papai badala ya vitafunio vya kukaanga.

Choya, yale maua mekundu ya rozela, ndo kinywaji changu. Maua makavu kiganja kimoja, maji ya moto, nafunika dakika 10, natia kipande cha tangawizi, sukari hapana. Choya si maneno ya mtaani tu, kuna utafiti wa Marekani wa 2010, watu wenye presha ya kuanzia walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, ile namba ya juu ikashuka kwa wastani wa kama 7. Sasa 7 ukiitoa kwenye 196 unabaki na 189, ndo maana nasema choya inasaidia, kazi ya kidonge haiifanyi. Na nilimwambia dokta naikunywa.

Kutembea natoka baada ya swala ya alfajiri, naenda upande wa Raskazone na kurudi, dakika 40, siku tano kwa wiki. Mwezi wa kwanza magoti yaliuma nikawa naenda nusu. Kilo zimetoka 84 mpaka 76.

Lakini kilichonishika mkono kuliko vyote ni daftari. Nilinunua mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Nakaa kwenye kiti chenye mgongo dakika tano, miguu chini sijaipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, siongei na mtu, napima mara mbili naandika. Hata mjukuu anajua bibi akiwa na mashine haitwi. Bila hilo daftari ningerudi kuamini jinsi ninavyojisikia, na kujisikia kulishanidanganya mara moja.

Miezi mitano baadae nilikuwa 128 kwa 80, dokta akapitia kurasa zote mwenyewe, akapunguza dozi, hakuiondoa. Nameza kila usiku.

Dawa za asili bado nazipenda, nimelelewa nazo. Ila sasa mtu akinipa chupa namuuliza huu ni mti gani, na je wewe mwenyewe umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana sheria yake ipo toka 2002. Wa mwisho niliyemuuliza alinitajia mti na akatoa cheti chake mfukoni, nikapiga picha ile karatasi ya maelezo, nitaenda nayo kliniki mwezi ujao kabla sijaonja.