Misumari miwili kwenye ufa: namna nilivyochagua shauri la kufuata

Mwaka 2019 kusanyiko letu la Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lilikuwa limechoka kuabudu ndani ya darasa la kukodi. Kila Jumapili vijana waliamka saa kumi na moja alfajiri kutoa madawati nje, jioni wanayarudisha, na mwenye shule alipopandisha bei hatukuwa na la kujibu. Kwa hiyo tulipoonyeshwa parsela, yaani kiwanja, kwenye mteremko, upande wa Funu, kwa bei ambayo hata sisi tungeimudu, sote tulisema Bwana amejibu. Ndugu mmoja aliyelelewa katika kanisa letu, ambaye sasa anaishi ng'ambo, aliahidi dola 9,000 za kuanzia ujenzi. Sharti lake lilikuwa moja tu: msingi uwe umemwagwa kabla ya mwaka kwisha.

Mimi ndiye mchungaji. Komite ilikuwa na sauti yake, lakini kila mtu alijua kwamba nikisema twende, tutakwenda.

Kwa asiyeijua Bukavu, mji wetu umekaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi ndani ya Ziwa Kivu. Udongo wake mwingi ni mfinyanzi uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa miaka isiyohesabika. Kiangazi unakuwa mgumu kama tofali. Mvua ikishaanza, kuanzia Septemba hadi Mei, unakunywa maji, unakuwa mzito, unateleza. Kadutu nyumba zimebanana hivi kwamba maji ya bati langu yanaangukia msingi wa jirani aliye chini yangu, na ya kwake yanamwendea mwingine. Upande wa Funu ardhi inasogea polepole tangu zamani. Watu wa huko wamezoea mlango uliofungwa vizuri mwaka jana kukataa kufungwa mwaka huu. Wanachonga mbao kidogo, maisha yanaendelea. Mimi pia nilikuwa nimezoea, na mazoea hayo nusura yatupoteze.

Mashauri yalikuja kwa wingi. Mzee mweka hazina alisema tuanze mara moja, fedha za ng'ambo hazingoji. Mama mmoja wa kikundi cha maombezi alikuwa ameona maono: nyumba kubwa, watu wamevaa nguo nyeupe, wanaimba. Habari hiyo ilizunguka kanisa zima kwa siku mbili, na ilipofika kwangu ilikuwa imeshakuwa hivi: Mungu amesema tujenge kwenye parsela ya Funu. Wazee sita kati ya saba walikubali. Wa saba alikuwa mgonjwa, hakuhudhuria.

Waliokataa walikuwa wawili, na wote wawili nilikuwa na sababu ya kutowasikiliza. Wa kwanza ni fundi mwashi, mzee Mkatoliki mwenye rozari mfukoni, tuliyemwita apime gharama ya msingi. Alizunguka parsela bila kusema kitu. Akasimama mbele ya ukuta wa zamani uliojengwa kuzuia udongo, akaingiza vidole vyake ndani ya ufa, kisha akanyoosha mkono kuonyesha miti iliyo juu yetu. Yote ilikuwa imeinama kuelekea bondeni, halafu vilele vyake vikajikunja kutafuta jua.

"Baba pasta," aliniambia, "huu udongo unatembeaka. Mimi nimejenga hapa mara mbili kwa watu wengine. Sitajenga mara ya tatu, hata mkinilipa mara mbili."

Wa pili ni binti wa kwaya yetu, aliyekuwa anasoma jiolojia katika Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Alikuja nyumbani jioni, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akanieleza kwa heshima kwamba uzito wa kanisa la tofali na zege, pamoja na maji yote ya paa kubwa kumwagika sehemu moja, ungeusukuma mteremko ambao tayari umechoka. Nilimshukuru. Mama watoto alimpa chai. Alipotoka nilisema moyoni: huyu ni mtoto, amesoma kurasa mbili, anataka kumfundisha mchungaji wake.

Komite nayo ilikuwa na jibu lake: fundi si wa kanisa letu, na binti bado mdogo. Mzee mmoja alinikumbusha Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliyeacha shauri la wazee akafuata la vijana, ufalme ukagawanyika. Nami nililipokea. Nimelihubiri somo hilo mara nyingi, tena kwa sauti kubwa vijana wakiwa mbele yangu.

Usiku ule nilirudi kulisoma, nikitaka tu kujithibitishia, na nikakuta jambo ambalo kwa miaka yote ya utumishi sikuwahi kulitilia maanani. Kitabu cha Wafalme kinasema Rehoboamu alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala, na wale "vijana" walikuwa watu waliokua pamoja naye. Basi na wao walikuwa wamekaribia miaka arobaini! Walikuwa rika lake, waliocheza naye katika jumba la baba yake, wakasimama mbele zake, na walijua sikio lake linapenda kusikia nini. Nilikaa nalo hilo muda mrefu. Wazee wangu wa komite wengi ni rika langu. Tumepanda pamoja, tumekula pamoja, tumeozeshana watoto. Mimi ndiye niliyewachagua.

Wiki hiyo zamu ya mahubiri ilinikuta katika Matendo ya Mitume sura ya 27, safari ya Paulo kwenda Roma. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipogeuka. Merikebu iko Krete, kwenye Bandari Nzuri. Majira ya kusafiri yamepita. Paulo anaonya kwamba safari itakuwa na hasara ya shehena, ya merikebu, na ya maisha ya watu. Akida Julio anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, na walio wengi nao wanataka kuondoka. Zamani nilihubiri hivi: mtu wa Mungu alisema, watu wa dunia wakakataa. Lakini ukisoma polepole, Paulo hapo hasemi kwamba malaika amemtokea. Malaika anakuja baadaye, dhoruba ikiwa imeshapiga. Pale bandarini anasema tu kwamba anaona. Na macho yale yalikuwa yameona mengi: katika waraka wa pili kwa Wakorintho, ulioandikwa kabla ya safari hii, anasema ameshavunjikiwa merikebu mara tatu. Alikuwa mtu aliyekwisha lowa.

Na mwenye merikebu je? Merikebu ilikuwa imebeba ngano, mwisho waliimwaga baharini. Simsemi kwamba alikuwa mwovu. Huenda alikuwa mtu mwema, lakini alipotazama bahari, ngano ilikuwa mbele ya macho yake.

Nilichukua kaye ya watoto, yaani daftari, ile ya mistari, nikaandika kila aliyenishauri. Mbele ya kila mmoja niliandika anachopata nikimfuata, na nani atakayelipa ikiwa amekosea. Kisha nikajiuliza kama mtu huyo amewahi kuniambia jambo lililoniuma. Kwa mweka hazina kalamu ilisita. Ni mtu mwaminifu, aliwahi kutoa fedha yake mfukoni kutulipia kodi ya darasa. Lakini mpwa wake anauza mchanga na mawe, na ilikuwa imekubaliwa kwamba vitu vyote vya ujenzi vitanunuliwa kwake. Kwa fundi mwashi niliandika: hapati kitu, tena anapoteza kazi ya miezi mitatu. Kwa binti wa kwaya niliandika: anaweza kupoteza nafasi yake kwaya, maana nilikuwa nimeanza kumtazama kwa jicho baya.

Mwisho niliandika jina langu. Hapo sikuwa na pa kujificha. Nilikuwa nimeshamwagiza mtu jiwe la msingi, litakalochongwa tarehe na jina la mchungaji. Mwaka uliofuata wachungaji wenzangu wa jimbo walipaswa kukutana kwetu, na nilikuwa nimeshawaza wanaingia kwenye milango mikubwa. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikalia, kwa sababu miezi ile yote nilidhani ninaomba uongozi wa Mungu, kumbe nilikwenda kwake na jibu mdomoni.

Kesho yake nilimwendea mama wa maombezi. Nilikuwa na hofu ya kumvunja moyo, maana Paulo anawaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, na palepale anawaambia wajaribu mambo yote. Tulikaa nje, anachambua maharage.

"Mama," nikamwambia, "yale maono, uliona parsela ya Funu?"

Aliacha maharage. "Hapana, baba mchungaji. Niliona nyumba na watu wanaimba. Mahali sikuonyeshwa. Hayo ya Funu nimeyasikia kama wewe, kwa watu."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Neno hilo bado linanichoma. Mama huyu hakudanganya mtu. Sisi ndio tuliochukua alichopewa tukakishonea tulichokitaka.

Sikutaka kubadilisha neno la komite kwa hisia zangu tu, ningekuwa nimefanya kosa lilelile kwa upande mwingine. Nilimwomba binti anionyeshe namna ya kupima. Alipigilia misumari miwili kwenye ukuta ule wa zamani, mmoja kila upande wa ufa, umbali wa sentimita 50 kamili. Alinionya kwamba ufa peke yake hauonyeshi udongo unasogea kwa kina gani, lakini ukipanuka mvua ikinyesha, ni ushuhuda. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda na rula, yeye, fundi, na mmoja wa wazee wa komite kwa zamu, ili asiwepo wa kusema kwamba pasta ameambiwa tu. Jumamosi mbili hakukuwa na badiliko, na wazee walianza kutabasamu. Ya tatu, baada ya mvua ya siku nne, milimita 2. Baada ya wiki sita ilikuwa milimita 9. Mzee aliyesoma rula siku ile ni yuleyule aliyenikumbusha Rehoboamu. Aliisoma mara tatu, akamkabidhi binti rula bila neno.

Fundi ndiye aliyezungumza, na hakuzungumza kuhusu ufa. Alitukumbusha tarehe 3 Februari 2008. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kuelezwa: Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9, na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, kanisa liliwaangukia waamini. Alisema, "Ninyi mnahesabu siku sita za wiki, nyumba ikiwa tupu. Mimi nahesabu Jumapili." Nilitazama chini, paa za jirani zetu zimepangana hadi mtoni. Mimi nilikuwa nikiwaza watu mia mbili walio ndani. Walio chini ya ukuta wetu sikuwa nimewaweka kwenye kaye.

Mbele ya kanisa sikusema Mungu ameniambia. Nilisema nilikosea, nikataja nilivyokosea, nikamwomba binti radhi hadharani mbele ya baba yake. Mweka hazina alikasirika mwezi mzima, kisha akarudi kunisalimu, na hadi leo ndiye anayetunza sanduku letu. Familia nne ziliondoka zikisema mchungaji hana imani. Ndugu wa ng'ambo hakugombana nami, ila sharti lake lilikuwa limevunjika, fedha zikaenda kwa kusanyiko lingine. Hilo liliuma, na sitasema kwamba Mungu alituletea maradufu mwaka uliofuata, maana sivyo ilivyokuwa.

Tulinunua kipande kidogo mahali palipo na tambarare, karibu na barabara, tukajenga kwa mbao na mabati kama nyumba nyingi za kwetu. Mbao ni nyepesi, hata zikianguka haziui kama zege. Fundi Mkatoliki ndiye aliyetuwekea mitaro ya maji ya paa, na alikataa malipo ya siku ya mwisho. Kwaya inabanwa, watoto wanakaa chini, magari yakipita nasimamisha mahubiri.

Tangu hapo, kikao kikiwa na jambo zito, kaye iko mezani, na jina langu naliandika la kwanza. Tumekubaliana pia kwamba mtu akileta maono, tunamuuliza yeye mwenyewe aliona nini kabla ya kuyapeleka popote. Na wakati komite inakubaliana upesi mno, namtafuta mtu wa nje asiye na shehena ndani ya merikebu yetu. Musa alimsikiliza Yethro, kuhani wa Midiani, akapunguziwa mzigo, na hakuna mahali tunaposoma kwamba alimwambia wewe si wa kwetu.

Watu bado wananiuliza kama ule mteremko ulianguka. Haukuanguka. Mwenye parsela ameotesha mianzi, na ukuta wa zamani ungali pale na misumari yetu. Binti alishamaliza masomo, anafanya kazi, lakini mara moja moja tunapita pale na rula. Mara ya mwisho ilisoma sentimita 52 na milimita 4.