Sungura wa manyoya na pamba iliyokataa kukauka

Sungura wa binti yangu, mdoli wa manyoya, alikuwa mweupe siku aliyoletwa nyumbani. Baada ya miaka miwili ya kuburutwa sakafuni, kulaliwa na kunyonywa sikio la kushoto kila usiku, alikuwa na rangi ya maji ya kudekia, na sikio lile limekakamaa kama kitambaa kilichotiwa wanga. Nilimwosha kwa bidii, nikamwanika nusu siku, nikapapasa manyoya nikayaona makavu, nikamrudisha kitandani. Siku ya tatu alikuwa ananuka uvundo. Nilipofumua mshono wa mgongoni nilikuta pamba ya tumboni ingali imeloa, na vidoa vyeusi vya ukungu vimekwisha kuanza.

Pamba ile niliitupa, nikamjaza nyingine, na tangu hapo sifui mdoli kwa pupa. Kabla ya maji husoma kwanza lebo, hutoa betri kama mdoli ni wa kulia au kuimba, kisha huvuta macho, pua na kila mshono kwa nguvu kidogo, kwa sababu uzi uliochoka huachia wakati wa kusugua, na kifungo kilichong'oka kinaweza kumkaba mtoto, hasa aliye chini ya miaka 3. Midoli ya zamani iliyojazwa nyasi au vumbi la mbao hailowekwi kabisa. Hufutwa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Kuosha kwenyewe ni rahisi: beseni, maji ya vuguvugu na sabuni ya maji kidogo sana. Kosa langu jingine lilikuwa povu. Povu likishaingia kwenye pamba halitoki kwa kusuuza mara mbili, na mabaki yake ndiyo atakayoyanyonya mtoto. Sikio nililisugua kwa mswaki laini, nikifuata mlalo wa manyoya. Anayetumia mashine amtie mdoli ndani ya foronya iliyofungwa mdomo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo siitumii, na yeyote anayeitumia asiichanganye kamwe na siki, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kwa mtoto mwenye pumu au mzio, utitiri wa vumbi, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyojificha ndani ya mdoli, hufa katika maji ya nyuzi 60 za Selsiasi, ila manyoya mengi ya bandia hayavumilii joto hilo. Njia mbadala ni kumfunga mdoli kwenye mfuko wa plastiki na kumweka ndani ya friza kwa saa 24 au zaidi, kisha kumwosha, maana baridi huua utitiri lakini haiondoi kinyesi chake, ambacho ndicho kinachochochea mzio.

Sasa kukausha. Simkamui kwa kumsokota. Humviringisha ndani ya taulo na kulikandamiza kwa magoti, halafu humlaza mahali penye upepo badala ya kumtundika kwa masikio, nikimgeuza na kuitawanya pamba kwa vidole kila baada ya saa chache. Kipimo changu ni shavu: nikiminya tumbo lake shavuni na kuhisi ubaridi, bado. Safari ya pili ilichukua siku mbili kamili. Binti yangu alipokabidhiwa alimnusa, akatangaza kwamba huyu si sungura wake, kisha akalitia sikio mdomoni.