Nilipasuliwa mgongo, ukapona mguu

Kila nikikanyaga soko la Karume lazima mtu aulize, "Vipi shoga, mgongo umepona?" Najibu umepona ili nisichelewe. Ukweli mgongo haujapona. Asubuhi bado nashika ukuta kabla sijasimama wima. Kilichopona ni mguu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya operesheni tangu mwanzo, ila mimi nilikuja kulielewa hilo fomu nimeshaitia saini.

Nauza mitumba mwaka wa 13 huu. Robota ni kilo 45. Siku hiyo kijana wa mkokoteni alichelewa, nikalivuta mwenyewe. Sikusikia mlio wowote, kiuno kilikaza tu. Siku ya tatu maumivu yakahama: tako la kushoto, nyuma ya paja, ubavu wa mguu hadi kidole gumba, kama mtu ananipitishia waya wa umeme. Kukohoa ilikuwa adhabu. Kukaa chooni ndiyo usiseme.

Bibi mmoja alinichua kwa mafuta ya nazi, akaapa kwamba diski, ule mto ulio kati ya pingili za mgongo, imeteleza na ataisukuma irudi. Diski haitelezi, jamani. Imeshikamana na mfupa wa juu na wa chini, hakuna kidole cha kuisogeza.

Daktari, kijana tu, aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akacheka: "Basi mama, wewe utanielewa haraka." Akachora robota nyuma ya karatasi ya vipimo. Mkanda ukikatika upande mmoja, nguo zinatokeza palepale. Diski nayo ni hivyo: nje ukanda mgumu wa nyuzi, ndani ute mzito. Ukanda wangu ulichanika kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, ute ukatoka, ukaukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni.

Hakunipa kisu. Alisema wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12, maana mwili wenyewe hukila kile kipande polepole. Vidonge, mazoezi, kutembea. Nilinuna. Nilikuwa nimeuza friji la soda ili nilipie MRI, kile kipimo cha kupiga picha ndani ya mgongo, halafu naambiwa nitembee tembee!

Kisha akauliza kama mkojo unatoka vizuri, na kama nina ganzi pale mtu anapokalia baiskeli. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenisindikiza. Aliitazama feni ya darini kama hajawahi kuona feni. Lakini swali lenyewe si la mchezo. Mkojo ukigoma, au sehemu hizo zikifa ganzi, usingoje siku ya kliniki. Unakwenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu mishipa ya huko ikikandamizwa muda mrefu huenda isirudi.

Wiki ya saba ikawa ndala. Nilitembea kutoka kituoni hadi mezani kwangu, jirani akaniita: "Ndala yako ile kule!" Ilikuwa imenivuka mguu wa kushoto na sikuhisi kitu. Kliniki nikaambiwa nitembee kwa visigino. Wa kulia ukatii, wa kushoto ukapiga sakafu, pwa. Hapo daktari hakucheka. Alisema mguu unapoteza nguvu, sasa tupasue.

Nilipigwa nusu kaputi, nikalazwa kifudifudi. Kidonda nilikipima baadaye kwa futi ya cherehani: sentimita 3. Kwa darubini walisogeza msuli, wakamega mfupa kidogo, wakauweka mshipa pembeni na kuchomoa kipande. Nilionyeshwa kichupani. Kama nyama ya kaa, basi. Hawakuweka diski mpya wala chuma, na ule ute haurudishwi ndani. Nguo zilizotokeza zimekatwa, robota limeachwa mahali pake, na mkanda una tundu. Ndiyo maana kwa baadhi ya watu hutokeza tena.

Nikiwa kitandani nilisoma kwenye simu kwamba William Mixter na Joseph Barr wa Boston ndio walioeleza jambo hili sawasawa mwaka 1934. Kabla yao, madaktari walivitoa vipande kama hivyo wakidhani ni uvimbe. Nikamsamehe yule bibi wa mafuta ya nazi.

Nilipozinduka, ule waya wa umeme haukuwepo. Mgongo uliuma, ndiyo, kidonda kibichi, lakini mguu ulikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu robota lile. Kesho yake nilitembea hadi dirishani. Wiki 6 sikuinua hata ndoo ya maji, na mume wangu akajifunza kufua.

Sasa marobota anafungua kijana, mimi nachambua nimekaa kwenye kiti chenye egemeo. Ndala nimeacha, navaa viatu vya mkanda. Nguvu za mguu zimerudi karibu zote, ila kidole gumba bado kina ganzi. Jana mwanangu alikikanyaga, nisingejua kama asingesema, "Samahani, mama."